Karanga, maziwa na masoso: historia ya chakula cha mtoto mwenye alerji hapa kwetu



Wiki iliyopita mama mmoja aliuliza kwenye grupu yetu: "Batoto benye alerji ya karanga, tubapatie nini ya kukula saa kumi, wakitoka ku masomo?" Majibu yalikuja mengi. Nusu yake yalisema kitu kimoja kwa maneno tofauti: alerji ni ugonjwa wa Bazungu, huku kwetu mtoto anakula kinachopatikana. Mimi nilisoma historia, si udaktari, kwa hiyo sitamwandikia mtu dawa. Lakini swali lile lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita hapa Kivu.

Neno alerji lenyewe halina miaka mingi. Mwaka 1901 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri ndani ya meli ya Prince Albert wa Kwanza wa Monaco wakichunguza sumu za wanyama wa baharini. Waliporudi Ufaransa waliendelea kwa kudunga mbwa sumu kidogo. Walitegemea mbwa azoee sumu, jinsi mtu anavyozoea baada ya chanjo. Kumbe mbwa aliyedungwa mara ya pili, wiki kadhaa baadaye, alikufa kwa dakika chache na kipimo ambacho mara ya kwanza hakikumfanya kitu. Waliandika jambo hilo mwaka 1902, na Richet akapata tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mwaka 1906 daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, akatunga neno alerji. Maana yake kwa kifupi: mwili umekutana na kitu, ukakikumbuka vibaya, na siku nyingine ukikutana nacho unapigana kana kwamba ni adui.

Sasa chakula. Watu wanafikiri chakula cha watoto wenye alerji kilianzia kwenye supermarché za Marekani, vile vipakiti vya bei kali vyenye alama ya karanga iliyokatwa msalaba. Hapana. Mwaka 1909 daktari John Ruhräh wa Baltimore aliandika juu ya kulisha watoto wachanga unga wa soja. Mwaka 1929 madaktari wengine wawili wa Marekani, Hill na Stuart, wakaandika juu ya chakula cha soja walichotengeneza makusudi kwa ajili ya watoto ambao maziwa ya ng'ombe yanawadhuru. Na kati ya tarehe hizo, mwaka 1924, Sidney Haas wa New York alikuwa anatibu watoto wenye ugonjwa wa tumbo unaoitwa siliaki kwa kuwapa ndizi. Ndiyo, ndizi! Siliaki si alerji kamili, ni ugonjwa wa mwili kukataa protini ya ngano, lakini Haas hakujua hilo. Alidhani ndizi inaponya. Ilibidi tungoje vita, njaa ya Uholanzi ya mwaka 1944 na 1945, ndipo daktari Willem Dicke athibitishe kwamba watoto wake wanapata nafuu mkate ukikosekana na wanaumwa tena mkate ukirudi. Ndizi ilikuwa inafanya kazi kwa sababu tu haikuwa mkate.

Nimependa kisa hicho kwa sababu kinasema kitu ambacho mama wa Mapendo anakijua bila kusoma: mara nyingi chakula salama si kile kilichoongezwa kitu, ni kile ambacho kitu fulani hakimo.

Tuje huku. Kwetu neno lililowatisha wazazi halikuwa alerji, lilikuwa bwaki. Kila mtu aliyekulia Kivu anajua picha ya mtoto wa bwaki: miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, uso umejaa, hacheki. Daktari Cicely Williams, aliyekuwa Ghana ya leo, aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akauita kwa jina la lugha ya Kiga, kwashiorkor. Mwaka 1952 Brock na Autret walitoa ripoti yao ya OMS na FAO baada ya kuzunguka Afrika, na wakasema ni tatizo kubwa la lishe lililoenea sana barani. Baada ya hapo dawa ikawa moja: maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta. UNICEF iliyagawa kwa wingi. Mtoto wa Kiafrika anakosa protini, mpe maziwa. Hiyo ndiyo ilikuwa dini ya wakati ule.

Kwenye jimbo letu la zamani la Kivu kazi hiyo ilikuwa na makao yake. Wabelgiji walianzisha IRSAC mwaka 1947, wakajenga Lwiro, juu ya Katana, ile nyumba kubwa ambayo ukiiona mara ya kwanza unafikiri umefika Ulaya. Na Université Libre de Bruxelles ilikuwa na CEMUBAC, iliyoanzishwa 1938. Daktari wa watoto Vis na wenzake walifanya kazi huko miaka mingi juu ya bwaki: wakapima damu, wakapima chakula, wakaangalia familia inakula nini msimu hadi msimu. Nasema wazi, mengi tunayoyajua leo duniani juu ya mtoto mwenye utapiamlo yalitoka kwenye miili ya watoto wa milima yetu. Tungefundishwa hilo shuleni badala ya kukaririshwa mito ya Ubelgiji.

Hapa kuna jambo la kutenganisha, kwa sababu linaua. Kuvimba kwa bwaki na kuvimba kwa alerji si kitu kimoja. Bwaki inakuja polepole, siku hata wiki, inaanza miguuni, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Alerji inakuja mbio, dakika chache mpaka saa mbili hivi baada ya kula: midomo, macho, vipele vinavyowasha mwili mzima, kutapika, na ikiwa mbaya mtoto anapumua kwa shida na kulegea. Mama mmoja wa avenue yetu alipeleka mtoto wake kwenye kituo kimoja cha afya mara mbili, midomo imevimba baada ya kula karanga. Mara ya kwanza aliambiwa ni minyoo. Mara ya pili jirani alimwambia mtoto amerogwa na mtu wa nyumbani, na karibu familia ivunjike. Mtoto huyo yuko hai, lakini ni kwa sababu mama mwenyewe alianza kukumbuka alikula nini kila mara. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa hali ya kushindwa kupumua kuna sindano ya adrenalini, ya kudungwa kwenye paja, dawa ya zamani ambayo OMS inaiweka kati ya dawa za lazima.

Nirudi kwenye maziwa. Maziwa ya unga yalikuwa na tatizo: yanataka maji. Maji machafu yakiingia, mtoto unayemtibu unamuua kwa kuhara. Watu wa Goma hatuhitaji kufundishwa hilo. Julai 1994, wakimbizi karibu milioni moja waliingia kwa siku chache, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu ya watu juu ya jiwe hili la volkano ambalo hata kaburi ni shida kulichimba. Miaka miwili baadaye, mwaka 1996, Mfaransa André Briend, daktari wa watoto, pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset huko Normandie, walipata jibu. Inasemekana Briend aliangalia chupa ya Nutella mezani akafikiri: kwa nini tusifanye dawa ya utapiamlo iwe kama hii? Wakachanganya karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Gramu 92, kalori 500, hakuna maji, hakuna kupika, mtoto anafyonza mwenyewe. Ndiyo Plumpy'Nut, ile "Plampi" ambayo kila mtoto wa Goma anaijua hata kama hajaumwa, maana inaonekana mpaka sokoni ijapokuwa ni dawa ya kutolewa bure. Ilisifiwa sana Niger mwaka 2005. Mwaka 2007 OMS, UNICEF na PAM walitoa tamko la pamoja kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali asiye na matatizo mengine atibiwe nyumbani kwa chakula cha aina hii, na kwamba angalau nusu ya protini yake itoke kwenye maziwa.

Mimi sitaki mtu aseme nimetukana Plampi. Imeokoa watoto wengi kuliko hotuba zote tulizowahi kusikia. Lakini angalia ndani yake: karanga na maziwa. Vitu viwili vilivyo juu kabisa kwenye orodha ya alerji ya chakula duniani. Orodha yenyewe ilipitishwa na Codex mwaka 1999: ngano na nafaka za aina yake, kamba na kaa, mayai, samaki, karanga, soja, maziwa, njugu za miti, na dawa za salfiti. Kwa hiyo mtoto mwenye utapiamlo ambaye tena mwili wake unakataa karanga, dawa yake ya kwanza ndiyo adui yake. Watoto hao si wengi. Lakini huyo mmoja ni wa mtu.

Basi, chakula kisicho na karanga wala maziwa kilitafutwa? Kilitafutwa, na hapa hapa Kivu. Ila sababu haikuwa alerji, ilikuwa pesa.

Wote tunajua masoso: mahindi, soja na sorgho, yaani mtama. Ukichukua mwanzo wa majina kwa Kifaransa unapata jina lake. Kwenye vituo vya lishe, kwenye parokia, kwa mama wa kiosque, bui ya masoso imelea kizazi kizima. Watafiti wa Lwiro na Bukavu, kati yao Ghislain Bisimwa, wakishirikiana na shirika la Valid International, walichukua wazo hilo hilo wakaligeuza kuwa pesti kama ya Plampi, ya soja, mahindi na mtama. Maziwa ya unga ni ghali na yanatoka mbali. Karanga ikihifadhiwa kwenye unyevu inaota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Mazao matatu ya kwetu yangepunguza bei na kuwapa wakulima wetu soko. Mwaka 2012 walitoa matokeo ya utafiti wa Kivu ya Kusini: zaidi ya watoto elfu moja, kuanzia miezi 6 mpaka 12, wengine wakipewa pesti, wengine bui ya kawaida ya mahindi na soja iliyoongezwa vitamini. Pesti haikupunguza udumavu kuliko bui. Watu wengine wangeona aibu kutoa matokeo hayo. Wao waliyatoa, na ndiyo sayansi.

Majirani walijaribu pesti ya aina hiyo kwa matibabu yenyewe ya utapiamlo mkali. Lusaka, matokeo yaliyotoka 2015 yalionyesha kwamba watoto wadogo, walio chini ya miaka miwili, waliponea zaidi kwa ile ya karanga na maziwa. Watafiti wakaongeza amino asidi zinazokosekana kwenye nafaka, na matokeo ya Malawi ya mwaka 2017 yakaonyesha sasa inalingana na ile ya kawaida. Kwa hiyo leo kipo chakula cha matibabu kisicho na karanga wala maziwa, na mizizi yake iko kwenye sufuria za hapa kwetu. Lakini ukienda kuuliza kituo cha afya, bado unakuta ile ya karanga. Na ujue pia kwamba soja yenyewe ilikuwa kwenye orodha hiyo ya Codex ya 1999. Ile soja ambayo mwaka 1929 ilikuwa wokovu wa watoto wanaokataa maziwa, kwa watoto wengine ndiyo inayowaletea shida.

Sasa niwajibu wale wa "ugonjwa wa Bazungu". Hamjakosa kila kitu. Afrika ya Kusini walipima watoto wadogo: Cape Town mjini, asilimia 2.5 walikuwa na alerji ya chakula. Kijijini upande wa Eastern Cape, asilimia 0.5. Matokeo yalitoka 2019. Ghana walikuta watoto wa shule wenye damu inayoonyesha dalili ya alerji ya karanga, lakini wakila karanga hawapati shida. Ikaonekana sehemu ya sababu ni minyoo ya kichocho, mwili unachanganya sukari za minyoo na za karanga. Kwa hiyo kipimo cha damu peke yake kinaweza kumnyima mtoto wetu chakula bure. Lakini asilimia 0.5 si sifuri. Na Goma si kijiji. Tangu 1994 mji huu unakua kila vita inapotokea huko Masisi na Rutshuru, na Mapendo na Birere ni kati ya mitaa iliyobanana sana. Tusijipe moyo kwamba tuko kama kijijini.

Na Wazungu wenyewe waligeuza maneno. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mtoto wa familia yenye alerji asipewe karanga mpaka miaka mitatu. Mwaka 2008 wakaondoa ushauri huo. Mwaka huo huo watafiti wakalinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israeli: Uingereza alerji ya karanga asilimia 1.85, Israeli 0.17. Damu ya watu hao ni karibu moja, tofauti ni kwamba Israeli mtoto mchanga anapewa Bamba, biskwi laini ya karanga, akiwa bado hajui kutembea. Mwaka 2015 Gideon Lack na wenzake wa London wakathibitisha kwa watoto 640 walio kwenye hatari: kati ya waliokatazwa karanga, asilimia 17.2 walikuwa na alerji walipofika miaka mitano. Kati ya waliolishwa, 3.2. Yaani bibi zetu waliokuwa wanasaga karanga na kutia kwenye sombe na bui ya mtoto hawakuwa washamba. Kwa hiyo tafadhali, asitokee mtu hapa kuwaambia mama wote wa mtaa waondoe karanga. Mtoto asiye na shida apewe mapema, ikiwa imesagwa laini, maana karanga nzima inamkaba. Swali letu ni la yule mmoja ambaye ameshaonyesha dalili.

Huyo Mapendo inamsumbua. Mandazi ya asubuhi ina ngano, na mara nyingi yai au maziwa. Mafuta yaliyokaanga mandazi ndiyo yaliyokaanga samusa na sambaza. (Sambaza nayo ni mgeni: ililetwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Na karanga yenyewe ilitoka Amerika ya Kusini kwa meli za Wareno. Ukitafuta chakula cha asili Goma utabaki na njaa.) Biskwi za kiosque zinatoka Uganda, Kenya, Rwanda, Uturuki, na maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu, Kituruki, herufi ndogo kama mchanga. Mama aliyesoma Kifaransa anatafuta neno "arachide" halioni, kumbe limeandikwa "peanut" au "groundnut". Anatafuta "lait", kumbe imeandikwa "whey" au "casein", ambavyo ni maziwa yale yale. Biskwi za msaada zina ngano, na nyingi zina soja au maziwa. Na Januari 2025, uwanja wa ndege ulipofungwa na benki zilipofungwa, maziwa maalumu ya watoto wanaokataa maziwa ya ng'ombe yakawa hadithi.

Yule mama wa avenue yetu alipata njia yake. Ndizi mbivu, ambayo ina ganda na haijaguswa na mkono wa mtu. Viazi vitamu vya kuchemsha nyumbani. Avoka. Hindi la kuchoma. Bui ya mtama mtupu, bila soja, kwa sababu mtoto wake soja pia ilimtoa vipele. Mtoto anaenda materneli na kopo lake, na mwalimu ameambiwa asimruhusu kubadilishana chakula na wenzake. Ukiangalia, ni ile ndizi ya Haas ya 1924 imefika Mapendo bila daktari.

Kilichomshinda ni mashine ya kusaga. Anapeleka mtama wake safi, lakini kinu kile kile dakika tano kabla kimesaga karanga ya mtu, na unga wa kwanza unatoka na mafuta yake. Alijaribu kumwomba mwenye mashine apitishe kwanza kilo moja ya mahindi ya kusafisha. Alikubali mara moja, siku ya pili akamwambia foleni ni ndefu. Sasa anatwanga kwenye kinu cha mti, usiku, baada ya kazi.

Ninyi mliosoma lishe UCB, ISTM au kwingine: kuna mwenye mashine kati ya Mapendo, Birere na Virunga anayesaga nafaka tu, bila karanga wala soja? Mwenye kujua aandike hapa chini mtaa na siku anazofungua, nimpelekee yule mama.